Viza Ina Tarehe, Mkwe Haguswi

Jumamosi, 10 Mei

Nimefuma tangu asubuhi. Masweta ya kijani ya shule ya msingi, mikono mirefu. Mashine inakwama nikifika shingoni, kama kawaida yake. Baridi ya Iringa imeanza na wazazi wanagombania.

Ambakisye akapiga simu kutoka Mbeya. Hakusalimia. "Nimeipata! Treni inapanda mpaka kwenye barafu, na haitoi moshi hata kidogo."

Ni dereva wa treni mstaafu. Miaka yote aliendesha kutoka Mbeya kwenda pwani na kurudi, mara nyingine kuvuka mpaka na kuingia Zambia. Anasema hajawahi kukaa kwenye behewa kama abiria akatazama nje kwa dirisha la pembeni. Kwake ilikuwa mbele tu, reli tu. Sasa anataka fungate ya treni, Uswisi. Ulaya. Nilimwambia Matema kule Ziwa Nyasa kunatosha, kuna maji na kuna mchanga. Akasema Matema tutaenda tukizeeka. Ana miaka sitini na tatu. Mimi hamsini na mbili.

Naandika ili nione inavyokaa kwenye karatasi: naolewa Septemba.

Inakaa vizuri.

Jumapili, 18 Mei

Baada ya ibada, Upendo amekaa na simu yake kutafuta hoteli. Binti yangu huyu ana subira ya ajabu kwa simu na hana hata kidogo kwa watu.

"Mama, kitanda kimoja au viwili?"

Nikajifanya sijasikia. Akarudia kwa sauti, dirisha wazi, jirani yuko nje anaanua nguo. Nikasema viwili. Akacheka mpaka akateleza kitini.

"Mama, hii ni hanimuni. Siyo semina ya akina mama wa usharika."

Nikanyanyuka kwenda kuangalia maharage ambayo hayakuwa na shida yoyote. Jioni Ambakisye akapiga kuuliza hoteli imefikia wapi. Upendo akamweleza. Nilikuwa upande wa pili wa chumba lakini nilisikia sauti ya Ambakisye ndani ya simu: "Kimoja! Mwambie kimoja!"

Basi kimoja. Nimeona picha. Shuka nyeupe, mto mkubwa kama gunia la mkaa, na dirishani mlima mweupe. Kifungua kinywa ni jibini, mkate, jibini nyingine. Nitabeba pilipili.

Yohana, baba yake Upendo, alikuwa anakunja shuka mwenyewe. Pembe kwa pembe, kisha anapitisha kiganja juu. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, na alikunja kila kitu kama karatasi. Miaka sita tangu afariki. Mimi bado nakunja ovyo.

Alhamisi, 5 Juni

Picha za pasipoti. Mpiga picha kijana, ukuta mweupe. "Mama, usicheke. Hizi hazitakiwi kucheka." Nikafunga mdomo. Akainua kamera, nikacheka. Mara ya pili vilevile. Mwisho akaniambia nifikirie msiba. Nikaufikiria. Picha ikatoka.

Nilipofika nyumbani nikaitazama. Mwanamke amenuna vizuri sana. Lakini macho yanacheka. Natumaini Waswisi hawaangalii macho.

Jumanne, 17 Juni

Ambakisye amekuja Iringa na basi la asubuhi, ameshika kadi kubwa ya manila imekunjwa kama bomba. Akaitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa. Amechora safari yote kwa kalamu za rangi. Ndege ni buluu: uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi Dar, Dar hadi Addis, Addis hadi Zurich. Treni ni nyekundu. Kutoka Zurich tunakwenda mji mdogo wa milimani, tunalala siku kadhaa. Kisha tunapita katikati ya milima kushuka Italia, Milano. Kisha tunarudi. Kila handaki ameliwekea alama nyeusi. Zimejaa kama mbegu za papai.

Kuna mahali tutabadilisha treni kwa dakika sita.

Nikamwambia dakika sita hazitoshi. Stesheni ya Mbeya dakika sita watu hawajamaliza kuulizana hali ya nyumbani. Akasema huko treni ikisema dakika sita ni sita. Aliyasema hayo kwa wivu. Nilimwona usoni. Mtu aliyeendesha treni maisha yake yote akisubiri njia ifunguliwe, halafu anasoma kwamba kuna mahali hawasubiri.

Alikula ugali mwingi, akasifia mboga. Nilipomsindikiza stendi nikagundua nimevaa kandambili za ndani. Sikujali.

Nina furaha. Naandika wazi. Nina furaha mpaka naona aibu kidogo.

Jumanne, 8 Julai

Dar. Joto. Tumekuja kwa ajili ya viza. Hawatoi viza mpaka waone tiketi na hoteli, kwa hiyo tumelipia kwanza halafu ndiyo tunaomba ruhusa. Naona ni kama kupika pilau kabla ya kuuliza kama kuna harusi.

Dada wa dirishani mpole. Akaniuliza naenda kufanya nini. Nikasema fungate. Akainua macho, akanitazama, akamtazama Ambakisye mwenye mvi, akatabasamu. "Hongera, mama yangu."

Ikaja zamu ya alama za vidole. Mashine haikusoma vyangu. Uzi umevilamba, vimekuwa laini kama kijiko. Wakanipangusa, wakanipaka mafuta, wakaniambia nibonyeze tena. Nilijipangusa tena kwenye kitenge. Niliwaza, nitakosa Ulaya kwa sababu ya masweta. Mwishowe kidole gumba kikakubali, na vingine vikafuata kimoja kimoja.

Ambakisye alikuwa nyuma ya kioo ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko kwenye maombi.

Ijumaa, 25 Julai

Zimekuja! Viza zimekuja!

Nimekimbia barabarani. Mwanamke wa umri wangu. Mwenye duka la dawa akatoka nje akidhani kuna mwizi.

Imebandikwa ndani ya pasipoti, inang'aa, na picha yangu ya kununa imo. Upendo ameisoma yote. Imetolewa kwa siku zetu zile tu. Kuanzia tisa Septemba, tunaporuka, na siku chache za ziada mwishoni. Baada ya hapo ni karatasi tu. Ndoa ni Jumamosi tarehe sita. Kila kitu kimebanana, lakini kinatosha.

Nimeanza kumfumia Ambakisye sweta. Rangi ya kahawia. Shingo haikukwama.

Jumapili, 3 Agosti

Leo tumetangazwa kanisani kwa mara ya kwanza. Hapa Iringa na kule Mbeya, siku moja. Mchungaji akasoma majina, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nilitazama miguu yangu. Hakuna aliyesimama. Kisha akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele ingawa haitakiwi kabla ya baraka.

Bibi mmoja akanishika mkono mlangoni: "Ehe, wanasema unapelekwa Ulaya. Utuletee baridi ya huko tuilinganishe na ya Mufindi."

Wiki ijayo kwa baba mkwe Tukuyu. Mahari imeshapokelewa, wazee walishakutana, sasa zamu yangu kuonekana. Mzee ana umri mkubwa, karibu na tisini. Namuogopa kidogo. Nitavaa kitenge cha buluu.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulifika Tukuyu mchana. Manyunyu, migomba imelowa, kijani mpaka macho yanauma. Nikapelekwa nyuma, jikoni kwa wanawake. Shangazi Tupokigwe, dada yake mzee, akanipokea vizuri. Tukamenya ndizi. Nilijua salamu ya Kinyakyusa, nikaitoa, wakacheka kwa matamshi yangu. Yote yalikuwa mazuri.

Nikatumwa kuchota maji upande wa mbele. Mzee akatoka kwenye kibaraza. Kila mtu alidhani amelala. Ngazi ilikuwa na utelezi, fimbo ikamponyoka, nikamwona anaelekea chini. Nikaacha ndoo nikakimbia. Nikamshika mkono, nikamshika na kiuno. Akasimama.

Kisha nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu. Kwetu mkwe unamsogelea. Unapiga goti, unatoa mikono miwili, unamsalimia karibu. Nikapiga goti pale pale kwenye matope. Nikashika kiganja chake. "Shikamoo, baba."

Akauvuta mkono wake. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Nyuma yangu Shangazi akapiga kelele. "Yesu wangu! Mkamwana amemgusa! Mama, umetuua!"

Kwao baba mkwe na mkaza mwana hawakutani. Hawagusani, hawatazamani usoni, hawapiti njia moja. Ukimwona anakuja unatoka njiani na kujifunika. Ndiyo heshima yenyewe. Yangu ni kusogea. Yao ni kukaa mbali. Nimemheshimu mzee kwa namna ya kumvua nguo mbele ya watu.

Mzee akaingia ndani akafunga mlango. Hakutoka tena.

Jumapili, 17 Agosti

Niko Mbeya, kwa dada wa usharika, mtaa wa Soweto. Tangazo la tatu limesomwa leo. Hakuna aliyepinga. Mwenye pingamizi yuko Tukuyu chumbani kwake.

Ambakisye alidhani Shangazi ameniambia. Shangazi alidhani Ambakisye ameniambia. Marehemu mke wake alikuwa wa kule kule, alizaliwa akijua. Mimi nani angenikumbusha? Hata wao mjini hawayashiki tena. Lakini mzee hakai mjini.

Mzee ameleta neno kupitia Shangazi. Haji kwenye ndoa. Hatasimama mbele ya watu pamoja na mwanamke aliyemshika mkono. Na bila yeye, ndugu wengine wa kule hawaji.

Sijala.

Jumanne, 19 Agosti

Tumegombana. Mara ya kwanza.

Ambakisye anasema tufunge ndoa tarehe ile ile, mzee atapoa tukirudi. Anasema baba yake ana redio, ana simu ya picha, anafuatilia mpira wa nje, halafu hili ndilo anataka liwe kama zamani. Alisema, "Ndege haisubiri mtu akasirikaye."

Nikamwambia ndege itaondoka. Mimi sitakuwemo.

Akavua kofia yake. Kisha akauliza, taratibu, kama nimebadili mawazo juu yake. Hapana. Hata kidogo. Lakini siondoki na mtoto wa mtu ambaye baba yake amejifungia chumbani kwa ajili yangu. Mzee wa umri ule. Tukirudi tusimkute?

Siku aliyofariki Yohana nilikwenda kusaga mahindi. Niliporudi ameshapelekwa hospitali, na hospitali nilifika amekwisha. Asubuhi aliniuliza kama kuna sabuni, nikasema ipo dirishani. Ndilo neno letu la mwisho. Sabuni. Si kosa la mtu. Lakini najua linavyokaa kifuani.

Upendo akapiga. "Mama, viza ina tarehe. Haiongezwi." Nikamwambia najua. "Basi fanya kitu, usikae unalia tu." Nilikuwa silii. Nilianza baada ya kukata simu.

Alhamisi, 21 Agosti

Mchungaji amesema ndoa yetu ni halali mbele za Mungu, mzee aje asije. Nimemshukuru. Haikunisaidia.

Hoteli ya milimani inaweza kufutwa mpaka mwisho wa mwezi. Upendo anauliza aifute au aiache. Nimesema aiache.

Nimeamua. Nakwenda Tukuyu peke yangu. Siendi kuomba msamaha. Kuomba msamaha lazima nimsogelee, nami siruhusiwi. Nakwenda kujifunza kukaa mbali.

Ambakisye alitaka kunisindikiza. Nikakataa. Akanipa ile kadi ya manila. "Ukiwa na huzuni utazame treni," alisema. Mtu huyu!

Jumamosi, 23 Agosti

Tukuyu. Nililala kwa Shangazi Tupokigwe, nyumba ya chini ya kilima.

Nilimwambia, "Shangazi, nifundishe." Alinitazama muda mrefu. "Umechelewa, lakini umekuja na miguu yako," akasema. Tukaanza.

Napita nyuma ya migomba, si mbele. Nikisikia fimbo yake nageuka na kujifunika kitenge kichwani. Silitaji jina lake. Hata neno linalofanana na jina lake nalizunguka. Chombo chake sikigusi kikiwa mezani kwake. Chakula napika, Shangazi anapeleka.

Leo nimekutana na fimbo yake mara mbili. Mara ya kwanza niliingia kwenye shamba la magimbi mpaka magotini. Mara ya pili nilijificha nyuma ya ng'ombe. Shangazi alicheka akashika mbavu. "Mwenzetu unajificha kama umeiba!"

Chakula cha mchana kilirudi hakijaguswa. Cha jioni kimerudi nusu.

Jumatatu, 25 Agosti

Naandika haraka, nisisahau neno hata moja.

Jiko la Shangazi lina ukuta wa mianzi. Upande wa pili kuna benchi. Leo asubuhi nikasikia fimbo inakuja, ikafika kwenye benchi, ikatulia. Nikafunika kichwa, nikageukia moto.

Mzee akakohoa. Kisha akasema, si kwangu, kwa Shangazi: "Muulize huyo mama, huko wanakokwenda, treni inapita chini ya mlima?"

Mianzi ina nafasi ya vidole. Nilisikia kila kitu. Lakini Shangazi akanigeukia akarudia neno kwa neno, kwa sauti kubwa, kama mkalimani wa mkutano wa injili. "Mzee anauliza, huko mnakokwenda, treni inapita chini ya mlima?"

"Mwambie inapita, shangazi. Mara nyingi."

"Anasema inapita! Mara nyingi!"

"Nimesikia," akasema mzee. "Muulize ni mahandaki mangapi."

Nikatoa kadi ya manila chini ya begi. Nikaitandaza juu ya kinu. Nikaanza kusoma alama nyeusi za Ambakisye, moja baada ya nyingine, mji hadi mji. Shangazi anarudia. Majina ya Kiswisi yalimshinda, akayapa mengine. Mzee anauliza. Mlima ni wa mawe au wa udongo? Maji yanavuja? Wanachimba kutoka pande mbili wakutane katikati? Hilo la mwisho sikulijua. Nikasema Ambakisye anajua.

Akagonga fimbo chini. Kisha akaanza kusimulia, na alisahau kumpitishia Shangazi. Ujana wake alikuwa kibarua wa reli hii yetu ilipokuwa inajengwa. Alichimba mahandaki kule milimani pamoja na Wachina. Walichimba kutoka pande mbili. Siku walipokutana upepo ulipita katikati, baridi, kutoka upande ambao hakuwa amewahi kuuona. Walipiga kelele, Wachina na wao, kila mtu kwa lugha yake. Alisema harufu ya mwamba uliofunguliwa haiko popote pengine duniani.

Ambakisye hajawahi kunisimulia hilo. Sidhani kama analijua.

Nilisahau miiko yote. Nikauliza moja kwa moja, "Na huo upepo uliendelea?" Shangazi akanipiga kibao cha mkono. Akarudia yeye: "Anauliza, huo upepo uliendelea?"

"Mpaka leo," akasema mzee.

Fimbo ikanyanyuka. Nikadhani ameondoka. Kisha sauti yake, karibu na mianzi, chini zaidi.

"Mwambie siku ile ningevunjika nyonga. Mwambie ndaga fijo. Lakini asirudie."

Shangazi hakuirudia hiyo asante sana ya Kinyakyusa. Alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha kutolea sufuria, akabaki na masizi puani. Akaita kwa nguvu, "Sasa, kaka, ndoa unakwenda au huendi?"

"Nitakaa nyuma," akasema mzee kutoka mbali. "Upande wa wanaume. Na mlete mwavuli."

Jumatano, 27 Agosti

Nimerudi Iringa. Usiulize nimerudije, sikuona barabara. Nilikuwa naimba. Abiria mwenzangu alihama kiti.

Ambakisye alinisikiliza kwenye simu nilipomweleza habari ya mahandaki, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimepita ndani ya yale mahandaki maisha yangu yote."

Hoteli haifutwi! Upendo ameimba "kitanda kimoja, kitanda kimoja" nyumba nzima.

Jumapili, 7 Septemba

Nimeolewa jana. Mbeya, jua kali, upepo kutoka mlimani.

Mzee alikuja na koti lake refu na kofia. Alikaa benchi la nyuma kabisa, upande wa wanaume, mwavuli mweusi umefunguliwa ndani ya kanisa ili tusionane uso kwa uso. Mchungaji alikuwa ameshaambiwa. Watoto wakashangaa, wakubwa wakawatuliza. Nilipopita katikati kwenda madhabahuni, Shangazi na mwenzake walinishikia kitenge upande wa kushoto, kimenyooshwa kama pazia, wakatembea nami mpaka tukampita. Nilisikia mwavuli unasogea kunifuata.

Ndugu wa Iringa walidhani ni mapambo. Wakapiga vigelegele.

Wakati wa kubariki, mzee alisimama kule kule nyuma akainua mkono. Ambakisye alimwona. Mimi sikugeuka. Nilijua kwa jinsi vidole vya mume wangu vilivyokaza kwenye vyangu.

Mume wangu. Naandika tena. Mume wangu.

Upendo alilia kuliko mimi. Alibeba picha ndogo ya baba yake kwenye pochi. Hakuniambia. Niliiona alipotafuta leso. Nikafunga pochi vizuri.

Jumanne, 9 Septemba

Ndani ya ndege. Naandika juu ya kimeza cha kiti. Tumeondoka Songwe, tukabadilisha Dar, sasa tumetoka Addis. Kuruka si kama nilivyofikiri. Ni kama basi lililoamua kutogusa barabara. Nilimshika Ambakisye paja mpaka akaniomba nimwachie damu ipite. Yeye anasikiliza injini. Amekunja uso kama daktari. "Nzima," anasema kila mara.

Chakula kidogo, kimefunikwa vizuri sana. Nimehifadhi kifuniko.

Chini mawingu. Meupe, yote. Sikujua yana upande wa juu.

Ijumaa, 12 Septemba

Treni ya milimani. Mabehewa mekundu, madirisha makubwa mpaka kwenye paa. Ambakisye amekaa dirishani kwa mara ya kwanza, amevaa sweta la kahawia, paji la uso kwenye kioo. Ng'ombe wana kengele. Milima mitupu, mawe na weupe juu, na nyumba ndogo zimeng'ang'ania ubavuni.

Dakika sita zilitosha. Tulikimbia.

Asubuhi, tukiwa humu humu ndani ya treni, alimpigia baba yake simu ya picha. Shangazi ndiye aliyeshika upande ule. Nikasikia sauti ya mzee ikiuliza kama tumefika kwenye mlima. Nikachukua mkoba wangu nikahamia kiti cha ng'ambo, nikageuza uso kwenye dirisha langu, nikajifunika mtandio. Ambakisye akaelekeza simu nje, akaanza kueleza. Mwamba, daraja, maji chini. Mzee alikuwa anauliza, anaguna, anauliza tena.

Mama mmoja mzungu, mzee, aliyekaa mbele yangu, alinitazama mimi, akamtazama Ambakisye, akanitazama tena. Alidhani tumegombana. Akafungua mkoba akanipa chokoleti, akanigusa goti. Nikapokea kwa mikono miwili. Nisingeweza kumweleza.

"Mwambie mwenzio," mzee akasema kwenye simu, "mwambie atazame mawe ya mlango wa handaki, yalivyokatwa."

"Anasikia, baba."

"Mwambie hivyo hivyo."

Ambakisye akageuka. "Baba anasema utazame mawe ya mlangoni."

Nikatazama. Yalikatwa vizuri.

Kisha giza. Treni imeingia ndani. Masikio yaliziba, madirisha yakawa vioo. Picha kwenye simu ikaganda, ikapotea. Ambakisye aliendelea kuishikilia pale pale, kwenye kioo, kama kuna mtu bado anatazama.

Nilirudi nikakaa karibu naye. Bega kwa bega. Mzee hakuweza kutuona. Nikavunja chokoleti, nikampa nusu. Tulikula, mlima wote juu yetu, magurudumu yanagonga taratibu.

Mbele kukaanza kupauka. Nikachukua mkoba wangu, nikasimama kurudi kiti cha ng'ambo.